Alama za lupasi kwenye ngozi na nywele: ipi huacha kovu, ipi hupita, na ipi si lupasi

Jioni moja dada yangu mkubwa aliniita nikae nyuma yake, akainamisha kichwa. "Mdogo wangu, hebu nigawie nywele hapa utosini, uniambie unaona nini." Nikazigawa. Palikuwa na doa lenye upana wa kidole gumba. Katikati ngozi ilikuwa imepauka, inang'aa kama karatasi iliyopakwa nta, na nilipoisogelea sikuona hata tundu moja la kutokea unywele. Kuzunguka weupe ule kulikuwa na ukingo mweusi tii, na juu ya ukingo kulikuwa na magamba yaliyoshika ngozi kwa nguvu. Kwa miezi minane alikuwa akipakwa dawa ya mapunye.

Hayakuwa mapunye. Ilikuwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, na pale katikati hapataota nywele tena. Pembeni, palipokuwa bado na matundu, ziliota baada ya tiba. Nafasi kati ya pale palipookoka na pale palipokwenda moja kwa moja ni ndogo, unaweza kuifunika kwa kidole, lakini ndiyo miezi minane yenyewe.

Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliye mbele ya kioo sasa hivi, au anayemtazama mtoto wake, mama yake, mwenzake, na hajui aanze na nini. Kila alama nitaiuliza maswali mawili. La kwanza: je, itaacha kovu? La pili: je, inasema lolote kuhusu viungo vya ndani? Watu wengi hudhani maswali haya ni mamoja, kwamba doa baya usoni maana yake ugonjwa mbaya ndani. Katika lupasi mara nyingi ni kinyume, na hapo ndipo watu wanapokosea kuchagua nini cha kukimbilia.

Tazama vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vinavyotumiwa kuwapanga wagonjwa wa lupasi ya mwili mzima. Kwanza kipimo cha damu cha kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli za mwili wenyewe lazima kiwe chanya, kisha dalili hupewa pointi na mtu anatakiwa kufikisha 10. Kunyonyoka nywele bila kovu ni pointi 2. Vidonda vya mdomoni ni 2. Mabaka sugu yanayoharibu ngozi ni 4. Upele wa kipepeo, ule unaotanda mashavuni na juu ya pua kisha ukapotea bila kuacha alama, ni 6. Yaani upele usioacha kovu una uzito mkubwa kuliko baka litakaloonekana usoni maisha yote, kwa sababu upele wa kipepeo mara nyingi huja pamoja na moto ulioko ndani. (Vigezo hivi viliwekwa kwa ajili ya utafiti. Mtu anaweza kuwa na lupasi na asifikishe 10.)

Nywele: tano zinazofanana na jinsi ya kuzitenganisha

Nitakaa hapa zaidi, maana kwenye nywele ndipo makosa huwa mengi na ndipo muda una thamani kubwa.

Nywele za lupasi inayofukuta ndani hukatika hasa mbele, kwenye ukingo wa paji la uso. Ukizitazama kwa karibu utaona vinywele vifupi, vikavu, vya urefu usiolingana, vimesimama kama majani yaliyoliwa na mbuzi. Ngozi iliyo chini yake ni nzima. Hakuna gamba, hakuna doa. Mara nyingi hutokea wakati mtu anachoka sana, viungo vinauma, homa ndogo inakuja na kuondoka. Haziachi kovu, na ugonjwa ukitulizwa hurudi. Kwa hiyo swali la kwanza jibu ni hapana, lakini la pili jibu ni ndiyo: ni ishara kwamba lupasi imeamka.

Sasa zilinganishe na nywele zilizovutwa. Misuko inayobana kwa miaka nayo hula ukingo wa mbele na pembeni juu ya masikio, na ukiitazama haraka utasema ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba aliyevutwa nywele mara nyingi hubaki na mstari mwembamba wa nywele laini kwenye ukingo kabisa wa uso, kisha nyuma yake ndipo penye uwazi, na uwazi unafuata mahali mvuto ulipokuwa mkali. Nywele za lupasi hazijali msuko ulikuwa wa namna gani. Na kama mvuto hautaachwa mapema, huo nao huishia kwenye kovu.

Ya tatu ni kupukutika kwa jumla. Miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, kujifungua, upasuaji au lupasi kupamba moto, nywele hutoka kwa mafungu bafuni na kwenye mto. Chukua moja: imetoka nzima, na mwishoni ina kijivimbe cheupe. Hii haikukatika, ilipumzika kisha ikaachia. Kwa kawaida hurudi yenyewe ndani ya miezi sita hivi. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huleta sura hiyohiyo, kwa hiyo hata mwenye lupasi anayejulikana asikubali kuambiwa "ni lupasi tu" kabla damu haijapimwa.

Ya nne ni vipara vya duara vinavyotokea ghafla, laini kabisa kama ngozi ya mtoto. Hapa hakuna magamba, hakuna ukingo mweusi, na matundu ya nywele bado yanaonekana. Pembeni mwa kipara kuna vinywele vifupi vyembamba chini na vinene juu. Huu ni ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili kushambulia mizizi ya nywele, na unaweza kumpata hata mwenye lupasi, ila tiba zake si zilezile.

Ya tano ndiyo ya dada yangu: lupasi ya diskoidi, yaani ya mabaka ya duara. Huanza na kuwasha au kuuma pale pahali, ngozi inakuwa nzito, magamba yanashika. Gamba likibanduliwa, upande wake wa chini hutokeza vijiti vidogo vidogo kama misumari ya kapeti. Hivyo ni vizibo vilivyokuwa vimejaa kwenye matundu ya nywele. Baadaye katikati hupauka, hung'aa, na matundu hupotea. Mapunye hayafanyi hivyo. Mapunye huwapata zaidi watoto, huambukiza, huacha nukta nyeusi za nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, na mara nyingi huvimbisha tezi za kisogoni. Mtu mzima mwenye baka moja lisilosikia dawa ya fangasi kwa wiki kadhaa anastahili kukatwa kipande kidogo cha ngozi kipimwe. Hasa akiwa na mabaka mengine ndani ya bakuli la sikio, pale unapoweza kuingiza ncha ya kidole. Watu hawatazami hapo, na lupasi ya diskoidi hupapenda sana.

Kuna pia kipara cha kovu kinachoanzia katikati ya utosi na kutanuka polepole kuelekea nje, ambacho huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika na hakihusiani na lupasi. Nacho, kama cha diskoidi, hakina subira. Kwa hiyo kanuni yangu ya nywele ni moja: gawa nywele, tafuta matundu. Kama yapo, una muda wa kupima kwa utulivu. Kama yanapotea, dai miadi ya karibuni, usisubiri ya miezi mitatu ijayo.

Pete na mabaka ya ngozi

Choa kina duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pamepona. Kuna lupasi inayofanana nacho mno. Madaktari huiweka kati ya lupasi kali ya ngozi na lupasi sugu. Hutoka kwenye mgongo wa juu, kifua, mabega na mikono upande wa nje, yaani pale jua linapofika. Mara nyingi pete ni nyingi na zinaungana. Uso huponea mara kwa mara, jambo linalowachanganya watu waliozoea kusikia habari za kipepeo.

Swali la kovu: hapana, ingawa huacha weupe au weusi unaokaa muda mrefu. Swali la ndani: karibu nusu ya wenye nayo hutimiza vigezo vya lupasi ya mwili mzima, lakini kwa kawaida isiyo kali kwenye figo. Linalonisukuma kuandika aya hii ni lingine. Aina hii huweza kuamshwa na dawa, na miongoni mwa dawa zinazojulikana kwa hilo ni terbinafini, ambayo ndiyo hutolewa kwa fangasi, pamoja na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza asidi ya tumbo. Fikiria: mtu ana pete za lupasi, anadhaniwa ana choa, anapewa vidonge vya terbinafini, pete zinazidi, anaongezewa dozi. Kukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwenye hadubini huchukua dakika chache na hukata mzizi wa fitina.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Krimu ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe na wekundu, ikipakwa juu ya choa halisi, wekundu hupungua na mtu hushukuru, kumbe fangasi wanasambaa wakiwa wamefichwa sura. Ndiyo maana "nimepaka ikapungua" si ushahidi wa ugonjwa wowote.

Mwanamke mwenye pete hizi anayefikiria kupata mtoto aombe kupimwa kingamwili iitwayo anti-Ro. Hupatikana kwa wengi wenye aina hii, na huweza kuvuka kondo la nyuma. Mtoto anaweza kuzaliwa na upele kuzunguka macho unaoisha ndani ya miezi michache, na kwa takriban mimba 2 kati ya 100 za wenye kingamwili hiyo, umeme wa moyo wa mtoto huzibwa. Upele wa mtoto hupita. Tatizo la moyo halipiti, kwa hiyo moyo wa kijusi hufuatiliwa tangu tumboni.

Mabaka ya diskoidi mwilini ni kama ya kichwani: mazito, yanashika, yanaacha kovu. Katika ngozi nyeusi huonekana kama sarafu yenye ukingo mweusi na katikati peupe, na weupe ule huleta huzuni ambayo daktari asiyeuliza hataijua. Kwa walio na mabaka kichwani na usoni pekee, kati ya 5 na 10 hivi kwa kila 100 ndio huishia na lupasi ya mwili mzima. Yakishuka chini ya shingo, uwezekano huongezeka. Kidonda kisichopona ndani ya kovu la zamani kionyeshwe, kwani saratani ya ngozi huweza kuota hapo.

Uso

Kipepeo cha lupasi huruka mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Ukiona mikunjo hiyo imeachwa safi huku mashavu na pua vimeshikwa, fikiria lupasi. Mba wa uso hufanya kinyume: hupenda mikunjo hiyohiyo, nyusi na nyuma ya masikio, na magamba yake yana mafuta. Rosasia, ugonjwa unaofanya uso uive na mishipa itokeze, mara nyingi huwa na vipele vyenye usaha, lupasi haina. Na ugonjwa wa misuli unaoshika ngozi huingia hadi mikunjoni, hupaka kope rangi ya zambarau, na kwenye mikono hukaa juu ya vifundo vya vidole. Lupasi ya mikono hukaa katikati ya kifundo na kifundo.

Neno moja kuhusu rangi. Maelezo mengi yameandikwa kwa ngozi nyeupe, ndiyo maana kila mahali unasoma "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta weusi unaozidi, zambarau, joto ukigusa kwa mgongo wa kiganja, na uvimbe mdogo ukilinganisha shavu na paji la uso.

Zile ambazo hata watu wa afya huzikosa

Kuna lupasi inayoshika mafuta chini ya ngozi. Huja kama vinundu vigumu kwenye mikono ya juu, mashavu, matiti, makalio. Hudhaniwa jipu au sindano iliyovimba. Jipu hulainika, hutoa usaha, huisha. Vinundu vya miguu mbele ya goko, vinavyouma na kupita kama jeraha la kugongwa, huisha ndani ya wiki kadhaa bila shimo. Vya lupasi hukaa miezi, na vikiondoka huacha ngozi imebonyea, kama mtu alikandamiza udongo mbichi kwa kidole gumba akauacha ukauke. Mashimo hayo hayajai tena. Hapa kipande cha ngozi lazima kichukuliwe kwa kina hadi kwenye mafuta, kwa sababu kuna saratani adimu ya damu yenye sura hiyohiyo.

Kinyume chake ni lupasi ya uvimbe laini: mabaka yaliyotuna usoni au kifuani, hayana gamba hata kidogo, yanachokozwa na jua sana. Inatisha kwa macho, lakini ni nadra kuingia ndani na haiachi kovu. Kama ningelazimishwa kuchagua mojawapo, ningechagua hii.

Vidole vya miguu vinavyovimba na kuwa zambarau kwa baridi huwapata hata wasio na lupasi, na huisha hali ya hewa ikipata joto. Vikibaki hivyo msimu wa joto umeingia, pimwa.

Mabaka yanayowasha ya mzio huhama ndani ya saa 24. Chukua kalamu, zungushia moja, andika saa. Kesho yake kama bado limo ndani ya mstari, linachoma kuliko kuwasha, na linapofifia huacha alama kama ya kuvilia damu, hiyo ni mishipa midogo iliyovimba, na inaweza kuhusiana na lupasi. Kalamu hiyo imewahi kumsaidia dada yangu kuliko maelezo ya nusu saa.

Ngozi yenye mchoro wa wavu mapajani au mikononi huonekana kwa watu wengi wenye afya wakipata baridi na huisha wakijifunika. Wavu uliokatikakatika, usiopotea kwa joto, unaweza kuashiria kingamwili zinazogandisha damu. Aliye nao akiwa amewahi kuharibikiwa mimba au kupata damu iliyoganda mguuni aseme hayo yote mawili kwa daktari mmoja katika kikao kimoja, maana yakitenganishwa hakuna atakayeunganisha.

Mdomoni: vidonda vya kawaida vinauma na hukaa ndani ya midomo na mashavu. Vya lupasi mara nyingi haviumi na hukaa kwenye kaakaa, kwa hiyo mwenye navyo hana habari. Fungua mdomo mbele ya taa.

Uanze wapi, na kwa kasi gani

Siku hiyohiyo: malengelenge yenye homa, au ngozi inayochubuka pamoja na macho na mdomo, nukta za zambarau ambazo hazipauki ukizibonyeza kwa glasi, vidole vinavyogeuka vyeusi. Alama yoyote ya ngozi ikiambatana na mkojo wenye povu, miguu kuvimba, kifua kuuma unapovuta pumzi au kuchanganyikiwa, usihangaike na ngozi, nenda.

Ndani ya wiki mbili tatu: chochote kinachofuta matundu ya nywele, na vinundu vinavyoanza kubonyea.

Mengine yanaweza kungoja miadi, ila si bila kupimwa mkojo. Kipimo cha mkojo ni rahisi na figo za lupasi huumia kimya.

Kati ya kipimo cha damu na kipande cha ngozi, kipi kwanza? Kama alama ni ya kovu, ngozi. Mwenye diskoidi pekee anaweza kuwa na damu isiyoonyesha kitu, akarudishwa nyumbani kuwa mzima. Kipande kichukuliwe kwenye ukingo unaofanya kazi, kwani katikati palipokwisha kuwa kovu hapana la kusema. Kama alama ni ya kupita, mfano kipepeo au nywele za mbele, damu na mkojo vitasema zaidi. Na kipimo cha kingamwili za kiini kikiwa chanya peke yake si lupasi. Watu wengi wenye afya wanacho.

Daktari wa ngozi au wa viungo? Baka bila dalili nyingine, anza na wa ngozi. Uchovu, viungo kuuma asubuhi, homa, basi wa viungo. Wenye bahati huwapata wote wawili wanaozungumza.

Kwa tiba, krimu za steroidi na sindano ndogo kwenye baka hufanya kazi haraka lakini hukondesha ngozi, hivyo usoni hutumiwa zilizo dhaifu au takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo na steroidi. Vidonge vya haidroksiklorokwini, dawa ya kutuliza lupasi, huchelewa, wiki 6 hadi 12 au zaidi, na wengi huviacha wiki ya nne wakisema havifai. Dozi haizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, macho hupimwa mwanzoni na kila mwaka baada ya miaka mitano, na kwa kawaida huendelea kutumiwa hata katika ujauzito. Huweza kuacha rangi ya bluu-kijivu kwenye goko, isichanganywe na ugonjwa wenyewe. Malengelenge ya lupasi yana dawa yake, dapsoni, na mara nyingi huitikia ndani ya siku chache. Sigara huzidisha lupasi ya ngozi.

Jua huchokoza, na upele unaweza kutokea siku kadhaa hata wiki baadaye, ndiyo maana mtu hukataa kuwa jua ndilo lililosababisha. Miale mingine hupita kioo cha dirisha. Paka krimu ya kukinga jua yenye SPF 50, irudiwe kila baada ya saa mbili, na ngozi nyeusi haijasamehewa.

Dada yangu sasa ana rula ndogo ya plastiki kwenye droo. Kila tarehe moja ya mwezi nagawa nywele, naiweka kando ya doa, napiga picha. Mwezi uliopita ukingo ulikuwa pale ulipokuwa mwaka jana, milimita 19.